Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Mzee Aliyekataa Kuwatoa Jamaa Zake

Katika mwambao wetu wa kusini, kuanzia Likoni mpaka Vanga, watu wa zamani ambao majina yao yangali vinywani mwa watu ni wachache, na katika hao wachache yumo Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui. Mtoto wa Diani au wa Msambweni hulisikia jina kabla hajaijua habari. Ukiuliza, mmoja atakwambia alikuwa shujaa aliyepigana na Mngereza. Mwingine atakwambia alikuwa bwana wa watumwa mwenye moyo mgumu. Wa tatu atakuonyesha nyumba yake pale Gazi na asiwe na la kuongeza. Mimi nimekua nikiyasikia yote matatu, na rai yangu ni kwamba kila mmoja ana haki kwa sehemu yake. Walakini liko jambo wanalolisahau wote, nalo ni kwamba mtu huyu alinyang'anywa baba yake angali mdogo, na maisha yake yote yaliyofuata yalikwenda kwa mwendo wa mtu aliyeapa kwamba jamaa zake hawatachukuliwa tena namna ile. Kwa upande huo ndio nataka nikueleze habari zake, ndugu msomaji.

Twende kwanza Mvita, maana bila ya Mvita habari ya Gazi haifahamiki. Mazrui waliitawala Mombasa kwa muda wa karibu miaka mia. Walianza kama maliwali wa dola ya Omani, na Busaidi walipoishika Omani katika miaka ya 1740, Mazrui walikataa kuwatambua wakajitawala wenyewe ndani ya Ngome ile waliyoijenga Wareno. Mwaka 1824, walipoona merikebu za Seyyid Said zinawakaribia, waliomba bendera ya Kiingereza, na Kapteni Owen akawapa. Bendera hiyo ikakaa miaka miwili tu. Mwaka 1826 Serikali ya Uingereza ikaikana na kuiteremsha. Baada ya hapo Seyyid Said akaja mara kwa mara na majeshi, na watu wa Mvita wakamrudisha. Malenga Muyaka bin Haji aliishi zama hizo, na sehemu kubwa ya mashairi yake imezungukia vita hivyo. Nguvu hazikuwaangusha Mazrui. Kilichowaangusha ni fitina ya wenyewe kwa wenyewe juu ya nani akae kitini, na wakubwa wa mji wakagawanyika.

Liwali wa mwisho alikuwa Rashid bin Salim, naye ndiye baba yake Mbaruk. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia Mombasa kwa suluhu. Kisha mwanawe, Seyyid Khalid, akawaalika wakubwa wa Kimazrui katika Ngome, na waliokwenda wakakamatwa, wapata watu ishirini na watano. Wakapakiwa chomboni, wakapelekwa Unguja, kisha wengi wao wakavushwa bahari mpaka Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, wakafungwa huko. Rashid bin Salim hakurudi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hawakuuawa vitani ambako mtu hufa na panga lake mkononi; waliitwa kama wageni wakafungwa kama wezi. Mtu aliyezaliwa katika nyumba iliyofikwa na jambo kama hilo, ukimwambia baadaye njoo tuzungumze, amani iko, atakutazama sana kabla hajanyanyua mguu.

Waliosalimika walikimbia usiku kwa usiku. Wengine walishika njia ya kaskazini wakafanya makao Takaungu, karibu na Kilifi. Wengine walishika kusini, wakavuka Likoni, wakapita Tiwi na Diani, wakatua Gazi. Hawa wa Gazi ndio waliokuwa na Mbaruk mtoto. Aliyewaongoza mwanzo alikuwa Abdallah bin Khamis, na baada yake uongozi ukamfikia Mbaruk mwenyewe.

Anayeijua Gazi atafahamu kwa nini walipachagua. Ghuba yake imefungwa na mikoko, na chombo kigeni kisichokuwa na rubani mwenyeji hakiingii kwa usalama. Nyuma yake nchi inapanda polepole kupitia mashamba ya minazi na mahindi mpaka milima ya Shimba, na katika misitu ya huko juu Mbaruk alijenga boma lake la Mwele. Mji wa Gazi ulikuwa wa amani na biashara. Mwele ilikuwa ya siku ya dhiki. Mtu wa namna yake, aliyelelewa na hadithi ya watu waliokamatwa ndani ya kuta za mawe, hakutaka tena ngome ya pwani ambayo manuwari inaweza kuipiga. Alitaka msitu, na katika hili hakukosea, maana Mwele ilimhifadhi mara nyingi.

Katika zama za Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, Mbaruk hakutulia. Miaka ya 1870 aliasi, akapelekewa askari, akapanda Mwele, akapatana, akashuka. Mwaka 1882 aliishambulia Vanga, na safari hii Barghash akamtuma Lloyd Mathews, Mngereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake jipya. Mathews alilizunguka boma la Mwele akalitwaa, lakini mwenyewe Mbaruk hakumpata. Alikuwa keshapenya msituni na watu wake. Baadaye akasamehewa akarudi Gazi. Hivyo ndivyo zilivyokuwa desturi za zama zile: mkubwa huasi, hupigwa, hupatana, huletewa kanzu na posho, na mambo yakaendelea. Kila upande uliijua mipaka ya mchezo.

Hapa yanipasa niseme wazi jambo ambalo baadhi ya jamaa wanaompenda Mbaruk hawapendi kulisikia. Watu wa Vanga waliovamiwa mwaka 1882 walikuwa Waislamu wenzake. Wadigo wa vijiji vya bara ya Gazi, ambao wengine walikuwa marafiki zake na wengine wakimkimbia, hawakuulizwa kama wanataka vita vipite katika mashamba yao. Na utajiri wa Gazi, kama ulivyokuwa utajiri wa Takaungu, Malindi na Unguja, ulitoka katika mikono ya watumwa waliolima na kupanda. Iko hadithi, imeingia hata katika vitabu vya watalii, kwamba waliomkosea walifungiwa chumbani wakavutishwa moshi wa pilipili. Mimi hadithi hiyo siitegemei, kwani waliomshinda walikuwa na sababu ya kuieneza. Ama ya watumwa haitaki hadithi. Iko katika nasaba za watu, na wazee wa Gazi na Msambweni wanaijua, ijapokuwa hawaitaji mbele ya wageni.

Mwaka 1888 ikaja Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyokodi mwambao huu kwa Sultani. Wengi hudhani kwamba Mbaruk aliwapinga Waingereza tangu siku ya kwanza, na hivyo sivyo. Alipatana na Kampuni. Alipokea posho yake, akakaa Gazi kwa heshima, na njia ya kwenda Vanga ikawa salama kwa sababu yeye alitaka iwe salama. Alikuwa mtu mzima sasa. Hata tukisema alizaliwa mwaka ule ule baba yake alipochukuliwa, mwaka 1895 alikuwa hana chini ya miaka hamsini na minane, na kwa zama zile huyo ni mzee wa kukaa barazani, kusoma nyuradi na kuamua kesi za mipaka ya minazi. Alikuwa na nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, wake, watoto na wajukuu. Kama angalikufa mwaka ule akiwa kitandani, leo angetajwa kama mkubwa mmoja wa pwani aliyeyajua mambo ya dunia, basi.

Kisa kilichomtoa hakikuwa chake. Mwezi wa Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu. Hapa msomaji ashike vizuri, maana majina yanafanana: huko Takaungu alikuwako Mbaruk mwengine, naye pia mwana wa Rashid, lakini Rashid bin Khamis. Huyu Mbaruk wa Takaungu alikuwa mkubwa kwa umri, na kwa desturi ya ukoo zamu ilikuwa yake. Wakubwa wa Kampuni walimtaka Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa kuwa alikuwa kijana na rafiki yao, wakamweka yeye. Mbaruk wa Takaungu akatoka mjini na watu wake akaingia bara. Manuwari zikaja, vijiji vikapigwa, na mwishowe yeye na nduguye Aziz wakakimbilia kusini. Wakaja kugonga mlango wa mzee wa Gazi.

Hapo ndipo palipoamuliwa maisha yake yaliyobaki. Arthur Hardinge, Balozi Mkuu wa Uingereza katika Unguja, ambaye karibuni angekuwa mtawala wa kwanza wa nchi hii, alitaka wakimbizi hao wasipewe hifadhi. Akamjia mwenyewe Gazi. Mbaruk hakukimbilia vita. Alitafuta siku, akatafuta maneno, akajaribu kuwa pande zote mbili kama alivyozoea kwa Barghash. Waingereza waliandika kwamba alikuwa mwenye hila. Mimi naona alikuwa mtu aliyetafuta mlango wa kutokea usiokanyaga maiti ya jamaa yake. Kuwatoa wale wawili kungalimwachia kila kitu, nyumba, posho na uzee wa raha, na hata wenziwe wangalipata la kumtetea, maana ugomvi wa Takaungu haukumhusu. Lakini mgeni aliyeingia nyumbani kwako akala chumvi yako, naye ni damu yako, humtoi kwa askari. Na huyu hakuwa mtu yeyote tu. Alikuwa mwana wa Rashid bin Salim, akijua alichofanyiwa baba yake na wale walioahidi amani.

Mwezi wa Julai alipanda Mwele na aila yake. Tarehe mosi ya mwezi huo huo nchi yetu ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza, Kampuni ikaondoka ikaingia Serikali, na mchezo ambao Mbaruk aliujua ukawa umekwisha pasi na mtu kumwambia. Serikali mpya haikuwa na kanzu za kutoa.

Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Rawson alilifikia boma la Mwele na mabaharia na wanamaji, waliochukua mizinga midogo na mavungu ya roketi kupitia njia za milimani, pamoja na askari wa Unguja. Vita vilikuwa vikali lakini vifupi. Mathews, yule yule wa 1882, alijeruhiwa kwa risasi. Boma likatwaliwa kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine mwenyewe hakuwamo. Waingereza waliithamini sana siku hiyo hata nishani waliyopewa askari ikachorwa jina la Mwele pembezoni mwake. Ukiipata nishani moja huko Ulaya kwa wakusanyaji, utausoma msitu wetu wa Kwale katika fedha yao. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 1896, ni Rawson huyo huyo aliyelipiga kasri la Unguja kwa dakika zisizofika arobaini.

Baada ya Mwele vita vilisambaa. Miezi minane mzee huyu alilala porini. Pamoja naye walikuwako wanawe, jamaa wa matawi yote mawili, watumwa waliobaki naye kwa hiari na waliobaki kwa kukosa pa kwenda, na Wadigo na Waduruma waliomuunga mkono. Huko kaskazini Ngonyo wa Mwavuo, mkubwa wa Wagiriama, aliwasaidia watu wa Aziz. Rabai ilivamiwa, Malindi ilivamiwa, Vanga haikupumua. Hakuna aliyelala kwa amani kati ya Sabaki na Umba. Serikali ilikuwa na askari wachache, na kila walipolichoma boma moja, watu walikwisha hamia jingine.

Wanaosimulia vita hivi hupenda kuhesabu mapigano. Mimi hufikiri zaidi juu ya safari yenyewe. Fikiria kundi la watu wasiopungua elfu, wakiwamo akina mama na watoto wachanga, wakipita nyuma ya Shimba wakati wa kaskazi, visima vimekauka, na ghala za Wadigo zimechomwa na huyu zisilishe yule. Waliokufa kwa njaa katika bara ya Msambweni hawakupata nishani upande wowote. Kijana mwenye bunduki anaweza kukimbia peke yake. Mzee mwenye aila haendi ila kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote.

Mwezi wa Machi 1896 zikashuka Mombasa pelekeko za askari kutoka Bara Hindi, na hapo mambo yakageuka. Askari hao waligawanywa katika vikosi, wakazifunga njia za maji. Mwezi wa Aprili Mbaruk aliwakusanya watu waliobaki, zaidi ya elfu moja, wakaivuka mipaka karibu na Vanga wakaingia katika nchi ya Wajerumani. Aliyewapokea ni Hermann von Wissmann, gavana wa huko. Nataka msomaji alitazame jina hilo. Ni Wissmann huyu aliyemshinda Abushiri bin Salim, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mbaruk alikuwa akiyajua hayo, kwa sababu Pangani si mbali na habari za pwani husafiri na upepo. Na bado akaenda kumkabidhi bunduki zake. Baina ya mtawala aliyemnyonga jirani na mtawala aliyewataka jamaa zake mikononi, alimchagua wa kwanza, kwa masharti kwamba hatarudishwa. Mjerumani alitimiza ahadi. Waingereza walitaka, hawakupewa.

Tarehe 30 Mei mwaka huo huo, mwezi na siku chache tangu kuvuka kwake, reli ya kwanza ya njia ya Uganda ililazwa Mombasa. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yalikuwa pamoja: njia ile isingeanza kujengwa kwa utulivu ilhali bara ya Mombasa inawaka moto.

Mbaruk aliwekwa Dar es Salaam. Aliishi huko miaka kumi na minne kwa posho ya Wajerumani, katika mji uliokuwa ukijengwa mbele ya macho yake. Vita vya Majimaji vilizuka mwaka 1905 vikamkuta huko, mzee aliyekwisha fanya vya kwake. Mwaka 1907 huku Kenya sheria ikaukomesha utumwa katika mwambao, na nguzo iliyoishikilia Gazi ya zamani ikaondoka bila ya yeye kuwapo. Mashamba ya Mazrui waliopigana yalichukuliwa na Serikali. Sehemu za ukoo zilizokaa upande wa Waingereza zilibaki na zao, na tofauti hiyo ilileta maneno baina ya ndugu kwa vizazi, na baadhi ya kesi za ardhi zilizosikilizwa baadaye katika pwani hii zilikuwa na mizizi huko.

Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, miaka sabini na mitatu baada ya baba yake kuingia katika Ngome na kutotoka kama alivyoingia. Mungu amsamehe alipokosa na amlipe alipotenda mema. Baba alizikwa ng'ambo ya bahari, na mwana akazikwa ng'ambo ya mipaka.

Habari za ukoo huu hazikupotea kwa sababu wenyewe waliziandika. Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947, alitunga kwa Kiarabu taarikh ya Mazrui wa Mombasa, na kitabu hicho kilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki 2014 na kuzikwa katika makaburi ya ukoo pale karibu na Ngome, aliijulisha dunia jina hilo kwa kalamu. Ama sisi wa kusini tumeandika kidogo mno. Mwele ingali msitu, ndani ya hifadhi ya milima ya Shimba, na wageni wengi waendao kutazama ndovu na palahala hawaambiwi kuhusu boma. Gazi siku hizi inajulikana kwa mikoko yake na kwa akina mama wanaoilinda, na ni sifa njema.

Nyumba ya Sheikh Mbaruk imewahi kutumiwa kuwa shule, na watoto wa mji, wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa, wamesoma alifu na hesabu chini ya dari moja. Mlango wake wa nakshi haupo tena mahali pake. Uliondolewa ukapelekwa Mombasa, ukawekwa katika jumba la makumbusho ndani ya Ngome.